Mti wa Kumi na Moja

Jumatatu, 12 Oktoba
Moto wa ishara umewashwa kilimani. Waturuki wamevuka mto. Kila mwanamume aende na silaha yake. Yangu ni shoka la kuni. Na koti la vita — kitani tabaka kumi na tano, alilonishonea marehemu mke wangu enzi nina kiuno. Vifungo havikutani tena. Mwanangu Vlaicu, juu ya farasi wake, akanitazama. "Baba, mshale ukikosa koti utapata kitambi."

Jumanne, 13 Oktoba
Tumechoma nyasi zetu, tumefukia visima vyetu. Adui akute njaa. Nami nikafukia pipa langu la pombe ya plamu. Akida Stanciul akauliza hicho ni kisima gani. Nikasema cha zamani.

Jumatano, 14 Oktoba
Msituni, njia nyembamba. Unakata mti robo tatu, unauacha umesimama. Unaziba jeraha kwa tope. Halafu fundo la majani makavu shinani, upande wa mlimani usioonekana njiani, wenzako waujue. Wapanda farasi wetu kumi na wawili watamchokoza adui, kisha wakimbie kama waoga mpaka humu. Wakishapita, baragumu inalia, tunasukuma miti imwangukie adui. Atakayekimbia wa mwisho ni Vlaicu.
Nimekata kumi na moja. Akida kapita, hakuona jeraha hata moja. "Mzee Toader, wewe fundi bwana." Kichwa kikavimba.

Alhamisi, 15 Oktoba
Upepo. Akida kahesabu mafundo yangu: kumi.
"Wa kumi na moja uko wapi?"
"Upo."
"Mzee, hapa watapita watu wetu."
Kama sijui! Majani ya fundo hilo niliyajaza kwenye viatu, miguu ilikuwa inaganda. Nimegonga miti mchana kutwa, nimeinusa, nimeibembeleza. Tope langu zuri mno. Fundi haoni kazi yake mwenyewe.

Ijumaa, 16 Oktoba, asubuhi
Nimeupata. Si kwa kutafuta — umelia wenyewe, pale kwenye kona, umeinamia njia. Nikavua mshipi, nikaufunga kwenye mti jirani. Kazi safi. Kisha nikaona fundo la majani shinani mwa jirani: nao nimeukata.
Basi nimesimama upande wa njia, mgongo kwenye mti, nauzuia usianguke. Naandika kwa mkono mmoja, karatasi juu ya kitambi — leo kimepata kazi. Suruali imeteremka.
Kwato.
Wetu wanapita. Mmoja wao ameniona nilivyo, akacheka huku anakimbia roho mkononi. Nahesabu. Saba. Tisa. Mti unasukuma, nami nasukuma. Kumi na mmoja.
Walitoka kumi na wawili. Bado Vlaicu.
Vumbi ni jingi kule nyuma, sio la farasi mmoja. Akida ananipungia mkono kutoka juu: toka hapo, mzee. Mwenye baragumu ameshaiweka mdomoni, anamtazama Akida. Akida ananitazama mimi.
Nimejifanya sioni. Macho ya uzee, watasema —