Wimbo wa Bi Mwanaisha, Kaole

Mdogo wangu Saumu,

Salamu nyingi kutoka Bagamoyo. Mimi mzima, ila joto la huku halina huruma. Mtoto bado anakupiga mateke?

Jana jioni mwenyeji wangu alinipeleka Kaole, kwenye hafla ya kuchangia wodi ya wazazi ya zahanati ya kijiji. Wapigaji walikuwa akina mama wenye ukulele, vile vigitaa vidogo vya nyuzi nne. Tulikula vitumbua, tukapiga vigelegele.

Kisha akaitwa Bi Mwanaisha, mama wa makamo. Alishika ukulele wa marehemu binti yake, aliyefariki kwa uzazi njiani, akikimbizwa hospitali ya mjini. Alipiga polepole, macho kwenye vidole. Katikati ya wimbo akanyamaza. Tukadhani kilio kimemzidi, lakini akasema kwa sauti kavu, "Mniwie radhi jamani. Hapa ndipo aliponifikisha. Mwisho wake hakuwahi kunifundisha."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinuka mmoja mmoja, wakaenda kutoa walichokuwa nacho. Mwenyeji wangu alivua bangili yake ya dhahabu.

Saumu, siku zako zikikaribia, usikae huko shamba ukisubiri uchungu. Nenda mapema mjini kwa Mama Mdogo, ulale karibu na hospitali. Ukiona haya kumwomba, nitamwambia mimi.

Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama, nije nikukute umempakata.

Dada yako akupendaye,
Mwajuma