Chande Aliyasalimia Mashimo

Maguu, Jumapili, katikati ya Machi. Wiki ya tano tangu unisindikize stendi.

Shikamoo dada Mwajuma. Mgongo umeisha kwa kuchimba ngolo, haya mashimo ya Wamatengo ya kulimia mlimani. Kuhusu vidonge vya huzuni ulivyoniapisha nimeze, nisikudanganye: nilipanga kuvitupa ziwani tukishuka Mbaha, maana mwenzangu Chande ananicheka kila asubuhi.

Alhamisi Chande akaokota uyoga kwenye samadi, tukaupika bila kumwonyesha mama mwenye shamba. Tulikula sawasawa. Punde akatupa jembe, akapiga goti mbele ya shimo: "Shikamoo babu!" Shimo la pili: "Shikamoo bibi!" Nikamwambia achimbe, akanifokea: "Huna adabu! Niwapige wazee kwa jembe?" Akasalimia mlima mzima. Mimi sikuona chochote, nikabaki na wivu.

Nilimkokota hadi zahanati. Mganga akaniuliza natumia dawa gani, nikamwonyesha kwa aibu. Akasema, "Hivi vinaongeza serotonini, kemikali ya kutuliza moyo, kwenye ubongo, na uyoga ule unaingilia milango hiyohiyo ya serotonini. Huenda kwako uyoga umekuta pamejaa. Ila msirudie, kuchanganya ni hatari."

Basi, sivitupi. Tangu siku ile Chande mwenyewe ndiye anayeniamsha: "Mzee, umemeza?"

Wasalimie watoto, na wewe usikose usingizi kwa ajili yangu. Nitafika wiki ya Pasaka. Nipikie mlenda, uyoga hapana.

Mdogo wako, Juma