Sauti ya Dada Radi

Jumatatu, 4 Agosti
Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Sauti ya Dada Radi, kule kwenye kibanda cha video cha Mjomba Shabani, ni yangu. Kila Jumamosi mchana nakaa nyuma ya pazia la kanga na kipaza sauti. Katuni inaongea Kiingereza, mimi naigeuza Kiswahili papo hapo. Mtafsiri wa zamani alihama, Mjomba akakumbuka kwamba mimi hushinda na vitabu. Mama anadhani naenda kufagia.

Leo koo linauma. Maji bombani, kuni, Baiolojia. Nimechoka.

Jumatano, 6 Agosti
Dada Radi ni mwanamuziki wa kweli huko ng'ambo. Nyimbo zake zinapigwa kwenye bodaboda zote za hapa kwetu Masuguru, Korogwe. Kwenye katuni akiimba, radi inamtoka mdomoni na wabaya wanaanguka. Ni ya watoto wadogo. Niko kidato cha tatu na naipenda. Basi.

Adui yake mkuu ni mzee mwenye mvi. Sikuweza kumwacha binti ampige mzee bila kumwamkia. Nikaweka "Shikamoo mzee!" kabla ya kila pigo. Haimo kwenye Kiingereza. Sasa watoto mtaani wanaamkiana hivyo, kisha teke. Jirani yetu Mama Mwanaidi amekuja kulalamika. Niliinama, nikaendelea kuosha vyombo.

Ijumaa, 8 Agosti
Mwanaidi ana miaka saba. Anaamini Dada Radi mwenyewe ndiye anayesema.

"Ni Msambaa, Da Halima. Anaongea kama bibi yangu wa Bungu. Siku akija nitamwonyesha pengo langu."

Tulikuwa bombani. Nikamjazia ndoo yake.

Jumapili, 10 Agosti
Balaa. Jumamosi ijayo Mjomba anapeleka katuni Handeni, ukumbi mkubwa. Gari la matangazo limeshapita huko na huku likisema Dada Radi mwenyewe atakuwepo.

"Utavaa koti la kung'aa na barakoa," Mjomba kaniambia. "Unasema maneno mawili, unashuka."

"Mjomba, si watajua mimi siye?"

"Watoto wale? Sauti si ndiyo hiyo hiyo! Usiniangushe, mpwa wangu."

Nikasema sawa. Kila mara nasema sawa. Najichukia.

Jumanne, 12 Agosti
Mwanaidi amelia mpaka mama yake kakubali kumpeleka Handeni. Ameshasukwa nywele. Ananionyesha kila mstari.

Nimemwambia amependeza, nikarudi kuchota maji.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimemwomba Mjomba anitoe. Hataki. Anasema tangazo likishatoka halirudi. Nilitaka kumwambia ni yeye aliyelitoa. Nikafagia kibanda.

Jumamosi, 16 Agosti
Handeni, vumbi na jua. Ukumbi ulijaa. Watoto wa wafugaji walisimama mlangoni na shuka zao. Koti lilinuka naftalini. Miwani niliivua kwa sababu ya barakoa, nikaona ukungu tu.

Mjomba alinitambulisha, wakapiga kelele. Kabla sijasema neno, Mwanaidi alikuwa amefika jukwaani. Akapanua mdomo, akangoja.

Ningesema tu, "Nimeliona, mdogo wangu." Angefurahi. Angekwenda shuleni Jumatatu na kumwapia kila mtu, na mimi ningekutana naye bombani kila siku.

Nikavua barakoa. Nikavaa miwani.

"Mwanaidi, ni mimi, Halima wa jirani. Dada Radi yuko kwao mbali, hajui hata kama tupo. Mimi namsemea tu."

Mtoto mmoja nyuma akapaza sauti: "Dada Radi gani mwenye miwani ya mwalimu!" Kicheko. "Rudisheni hela!"

Mwanaidi alifumba mdomo. Akarudi kwa mama yake, wakatoka nje. Hakugeuka.

Mjomba aliwarudishia waliodai. Walibaki watoto wa benchi mbili na wale wa mlangoni. Nikawatafsiria mpaka mwisho, nimesimama mbele yao, bila pazia. Sauti haikutetemeka, sijui kwa nini.

Tulipofika Korogwe Mjomba akasema, "Wewe soma kwanza, Halima. Nitatafuta mtu." Najua maana yake. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote.

Jumapili, 17 Agosti
Nimelala mpaka jua limepanda. Nikamweleza Mama yote. Akasema, "Kumbe ndiyo maana koo linakuuma," akanipa chai ya tangawizi.

Nimefua sare. Mchana Mwanaidi akaja akasimama mlangoni. Hakuniamkia. Alichora chini kwa kidole cha mguu.

"Iliishaje?" akauliza.

Nikamsogezea kigoda na nusu ya maharage kwenye ungo. Nikamsimulia katuni yote, tangu pale walipotoka. Tulichambua mpaka maharage yakaisha, kisha nikainjika sufuria.