Baba na Mkanda wa Taimingi

Jumamosi

Sikutaka Baba aiguse ile gari, ingawa ufundi wake wa magari ndio uliotulea. Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpango, ulinikatikia jana Segerea, injini ikazima palepale. Bahati valvu hazikugonga pistoni, zingepinda. Lakini tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia hauna nguvu, na alama za taimingi kwenye gia za mkanda zikipishana hata jino moja, injini haiendi sawa.

"Mie nitapanga, wewe utakaza," akasema.

Akalinganisha alama kwa mkono wa kushoto, taratibu, jasho likimtoka. Tulipovisha mkanda mpya nikataka kuwasha. Akanizuia.

"Zungusha injini kwa spana kwanza."

Nikazungusha. Alama ya juu ikawa imepishana jino moja. Nilidhani atakata tamaa. Akauvua mkanda, akaanza upya, wala hakununa. Mie ningekuwa nimeshatupa spana.

Ule mkono bado unanitia hofu. Daktari naye hasemi la uhakika.

Safari hii alama zilikaa. Nikawasha, injini ikatulia. Baba akainamisha kichwa, anasikiliza.

"Zima."

Nikashtuka, nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, mwanangu. Washa tena, niisikie."