Kidole Shingoni

Nadine, baba yako akianza kurudia maneno ya redioni, mwache aseme. Usimnyamazishe kama nilivyofanya mimi.

Unajua baba yangu tangu kumbukumbu zimpotee anaigiza upya kazi zake zote, za jukwaani, za televisheni, lakini zaidi zile za redio alizofanya na baba yako. Leo mchana alimwigizia Tilda yule muuaji. Mtoto wa miaka saba! Akanishika sketi, "Mama, mwambie babu aache."

Nikamwambia, baba, basi. Wapi.

Ndipo nikakumbuka ile ishara ya studio ya kumkatiza mwigizaji. Nikapitisha kidole shingoni.

Akanyamaza. Katikati ya neno, Nadine. Katikati ya neno.

Masaa manne sasa hajasema kitu. Nimempa kahawa, hata asante hakuna, na yeye humshukuru hata nesi anayemdunga sindano.

Nimemnyooshea kidole, ile ishara ya kuanza. Mara tatu. Ananitazama kwa upole tu, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Sasa hivi Tilda amemshika mkono. Namsikia, "Babu, fanya yule muuaji. Sitaogopa."