Asichukue Jenereta Kabla ya Kulipa Benki

Mumbe mwanangu,

Saa nane atakuja mtu aliyesoma tangazo letu gazetini. Anataka jenereta. ~~Mkaribishe chai.~~ Hapana, asiingie ndani. Hata akikuonyesha hundi yenye muhuri, mwambie tukutane kesho benki Ukunda, alipe taslimu mbele ya karani, ndipo achukue.

Asubuhi hii benki wameniambia hundi ya pikipiki ya marehemu baba yako ni bandia. Yule mnunuzi aliniita mama, akakiombea baraka chakula chetu, nami nikampa funguo kwa mkono wangu.

Ninakwenda polisi. Maharagwe yamo sufuriani, ongeza chumvi.

Sasa hivi imepita pikipiki yenye mlio uleule. Nimeinuka kumtilia baba yako maji ya kuoga.

Mama yako