Omena Ulizonitumia na Paka wa Kogo

Kapseret, Eldoret

Dada Nafula mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii isiyo na adabu. Kifua cha Mama kimepoa? Na binti yangu, bado anakusumbua kwa kukataa uji? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo mbaya, na nakwambia wewe peke yako, maana mwingine akijua nitafukuzwa kazi.

Unamkumbuka Kogo, yule bibi mzee ninayemtunza, mamake mwajiri wangu? Watoto wake humsalimia wakiwa mlangoni, kisha huenda zao. Aliyekuwa akikaa naye mchana kutwa ni paka wake mweusi.

Panya walivamia stoo ya mahindi. Mwajiri wangu, Mama Chebet, akanipa sumu. "Ufunge hiyo stoo vizuri," akasema. "Paka ya mamangu ikikula hii kitu, utarudi kwenu siku hiyo hiyo."

Nikaichanganya na omena zako, kwa sababu panya gani atakataa omena? Mlango sikuufunga. Nilijiambia paka wa huku amelelewa kwa maziwa tangu afungue macho, samaki atamjulia wapi! Tena nilicheka, mjinga mimi.

Saa nne asubuhi nikamkuta chini ya kiti cha Kogo, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Nikampigia daktari wa mifugo nikamweleza ninavyomwona.

"Hiyo ni sumu," akasema. "Usimpatie kitu kwa mdomo. Si maziwa, si mafuta. Usimtapishe. Mfunike na blanketi, tafuta pakiti ya hiyo sumu, umlete nayo sasa hivi."

Nilipogeuka, Kogo alikuwa ameshika kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando yenye mkaa. "Makaa inatoa kila ubaya kwa tumbo," akasema. Nilipiga kelele, lakini alikuwa ameshammiminia kooni.

Mama Chebet akatuendesha hadi mjini, mimi nikiwa nyuma na paka kwenye blanketi. Daktari akauliza, "Pakiti iko wapi? Nikijua ni sumu gani, najua pa kuanzia."

Dada, pakiti ilikuwa mfukoni mwa aprini yangu. Niliigusa kwa vidole. Mama Chebet alikuwa amesimama kando yangu, nami nikamfikiria binti yangu na kazi hii. Nikasema, "Sijui, daktari. Stoo yetu niliifunga. Pengine amekula kwa jirani."

Alijaribu kwa kubahatisha. Paka akakakamaa mezani, akafa macho wazi. Daktari akampangusa pua. "Nani alimpatia maziwa? Imeingia kwa mapafu."

Tuliporudi, Mama Chebet alimwambia mamake bila kupunguza neno: "Ni wewe umeua paka yako."

Nilikuwa hapo. Baadaye nikaichoma pakiti jikoni.

Kogo hakulia. Alitoa vibuyu vyake vyote akavimwaga nyuma ya nyumba, kimoja kimoja, kisha akanishika kichwa. "Wewe ulijaribu kunizuia, mtoto wangu. Mungu akubariki."

Sasa hataki kushika kijiko. Anasema mikono yake inaua. Namlisha mimi, kwa mkono huu huu, na kila tonge ananishukuru.

Msalimie Mama, lakini usimsomee haya. Msalimie shemeji, na umbusu binti yangu. Na tafadhali, omena usinitumie tena.

Mdogo wako,
Nekesa